Kugeuza miksa ya zamani kuwa priampu za raki: nianzie wapi?

Swali: "Mimi ni fundi mitambo wa kwaya hapa Dodoma, naishi Kizota. Kanisa limenunua miksa mpya ya kidijitali, wakaniuzia ile ya zamani kwa bei ya kutupa. Ni ya Uingereza, ya miaka ya themanini, chaneli 24, na pawa saplai yake ni boksi la pembeni ambalo limekufa. Nataka kutoa chaneli nane nizifunge kwenye kasha la raki ziwe priampu, yaani vikuza sauti vya maiki, niwe narekodi kwaya na vikundi vya ngoma za Kigogo. Rafiki yangu fundi simu ananiambia nitumie chaja ya laptop kwa kuwa nayo inatoa volti 19, nibadilishe kapasita zote, halafu nikate waya wa ethi ili isivume. Anasema mitambo ya zamani ina sauti ya joto ambayo kadi za sauti za kompyuta za sasa hazina. Kabla haijafa miksa ilikuwa inavuma, na mwimbaji mmoja aliwahi kupigwa shoti mdomoni. Je, kazi hii inafaa? Nianzie wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, naanza na huyo mwimbaji aliyepigwa shoti, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri.

Maiki yenyewe haina umeme wa kumpiga mtu hivyo. Hata volti 48 za fantomu, yaani umeme ambao miksa huupeleka kwenye maiki kupitia waya wake wa sauti, hupitia kwenye rezista zinazobana mkondo wake. Shoti ya mdomoni maana yake ni kwamba bati la maiki, ambalo kupitia waya limeungana na bati la miksa, lilikuwa na volti tofauti na kitu kingine alichokigusa mwimbaji: nyuzi za gitaa, stendi, au sakafu yenye maji. Ama miksa haikuwa na ethi, ama kifaa kingine kwenye mtambo hakikuwa nayo, na umeme unaovuja ukapata njia kupitia kwake. Sasa rafiki yako anakushauri ukate ethi. Huo ndio waya ambao, siku insulesheni ya transfoma ikiungua na kasha zima likashika volti 230, utapitisha mkondo mkubwa wa kukata fyuzi kabla mtu hajaligusa. Ni kweli kwamba ukiukata mvumo mara nyingi hupungua. Lakini mvumo una dawa zake, nitazieleza, na hakuna hata moja inayohatarisha maisha ya mwanakwaya.

Kwetu Dodoma jambo hili lina uzito wa ziada. Ardhi yetu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyopima vizuri Januari wakati wa mvua inaweza kuwa na ukinzani mkubwa mno ifikapo Oktoba. Kwa hiyo kabla ya kununua hata rezista moja, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ethi ya kanisa na ya chumba utakachorekodia, kwa kipimo chenyewe cha ethi. Kuwasha balbu kati ya laini (waya wenye umeme) na ethi hakutoshi, kwa sababu balbu inaweza kuwaka hata kwenye ethi mbovu. Ukiweza, fanya kazi hiyo mwezi wa kiangazi, ujue hali ikiwa mbaya kabisa ikoje.

Hilo likikamilika, tuje kwenye sauti ya "joto", maana ndiyo inayokuvuta kwenye mradi huu na sipendi utumie pesa kwa matumaini yasiyo na msingi. Sifa hiyo ilitokana na mitambo ya aina fulani. Mfano unaotajwa sana ni Neve 1073, moduli iliyobuniwa Uingereza mwaka 1970. Ina transfoma mlangoni na transfoma kwenye njia ya kutokea, transista zinazofanya kazi kwa mtindo wa Class A (zinapitisha mkondo muda wote), na inaendeshwa na volti 24. Sauti nzito ikiingia kwa nguvu, chuma cha transfoma hushiba, na katika kushiba huko huzaliwa hamoniki, yaani sauti ndogondogo zinazofuata ile ya asili kwa mpangilio, ambazo sikio huzipenda kwenye besi na ngoma. Huo ndio utamu wenyewe, na una chanzo unachoweza kukigusa kwa mkono.

Miksa nyingi za miaka ya themanini zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi na makanisa hazina transfoma hizo. Mlangoni zina jozi ya transista zenye kelele ndogo, kisha aisii (vidude vidogo vyeusi vyenye transista nyingi ndani) kama NE5532 au TL072. Fungua chaneli moja, angalia sehemu ya bodi iliyo karibu na tundu la maiki. Ukiona kibonge cha chuma kilichozibwa, chenye nyaya au miguu kadhaa, una transfoma na una haki ya kufurahi. Usipokiona, una priampu safi ya kazi, inayoweza kurekodi kwaya vizuri sana, lakini usitegemee ikupe rangi ambayo hukuwahi kuisikia miksa ikiwa nzima. Umri peke yake hauongezi kitu kwenye sauti zaidi ya vumbi na kapasita zilizokauka.

Kinachoamua ubora wa priampu ni kazi ngumu inayopewa. Chukua maiki ya dainamiki kama Shure SM58. Mwimbaji akitoa sauti ya desibeli 94 pale ilipo maiki, inatoa takriban milivolti 1.85. Kiwango cha laini kinachotakiwa na mitambo ya kurekodi ni kama volti 1.23. Kutoka hapo hadi pale ni kukuza mara 660 na ushei, yaani desibeli 56. Zeze likipigwa taratibu mbali kidogo na maiki litataka zaidi ya hapo, zaidi ya mara elfu. Lakini weka maiki hiyohiyo karibu na ngoma za muheme akina mama wakiwa wamepamba moto, na unaweza kupata milivolti 50 au zaidi, ambazo priampu iliyowekwa kwa ajili ya zeze itazikatakata. Kwa muziki unaotaka kurekodi, uwezo wa kushuka ni muhimu kama uwezo wa kupanda. Angalia kama chaneli zako zina swichi ya kupunguza desibeli 20. Kama zipo, zilinde.

Milivolti mbili zikisafiri kwenye waya wa mita 20 ni sawa na mtu anayenong'ona katikati ya soko la Majengo siku ya Jumamosi. Zinafika salama kwa sababu waya wa maiki una njia mbili. Sauti hupita kwenye njia hizo ikiwa kinyume, moja ikipanda nyingine ikishuka, wakati kelele za nje huingia kwenye zote mbili kwa mwelekeo mmoja. Mlango wa priampu huchukua tofauti kati ya njia hizo mbili, kelele iliyo sawa ikafutika. Kila kitu kinategemea usawa wa pande hizo mbili. Ndiyo maana rezista mbili za omu 6,800 zinazopeleka fantomu kwenye pini ya 2 na ya 3 zinatakiwa zisitofautiane zaidi ya asilimia 0.4. Ukikuta mojawapo imeungua, usichomeke yoyote iliyo mkononi. Pima nyingi, chagua mbili zinazofanana, ubadilishe zote mbili.

Kuna kikomo ambacho hakuna fundi anayekivuka. Hata chanzo cha omu 150 kilichotulia mezani kina kelele yake kwa sababu ya joto la chumba, kama mikrovolti 0.22 katika upana wa masikio yetu, ambazo ni takriban dBu 131 chini ya sifuri (dBu ni desibeli zinazohesabiwa kutoka volti 0.775). Priampu nzuri huzidi kelele hiyo kwa desibeli chache tu. Kadi nyingi za sauti za bei ya kawaida siku hizi zinatangaza 127 hadi 128 chini ya sifuri. Ndiyo kusema kwamba kwa upande wa utulivu hutazishinda kwa miksa yako. Unachoweza kupata ni milango minane kwa mpigo, vifaa vinavyorekebishika kwa solda, na mtambo unaoujua ndani na nje. Kwangu mimi hizo ni sababu tosha, alimradi uzijue tangu mwanzo.

Sasa chaja ya laptop, kisha moyo wa mradi wenyewe. Chaneli zako karibu kwa hakika zinataka umeme wa pande mbili, chanya na hasi, kati ya volti 15 na 18 kila upande, pamoja na 48 za fantomu. Soma lebo ya lile boksi lililokufa, halafu hakikisha kwenye bodi: kwa aisii za miguu minane kama NE5532 na TL072, mguu wa 8 ni chanya na wa 4 ni hasi. Chaja inatoa upande mmoja tu. Tena inatengeneza umeme wake kwa kuwasha na kuzima kwa kasi kubwa sana, na mabaki ya kasi hiyo huingia kwenye mlango unaokuza mara elfu. Inafaa kwa laptop, kwako haifai.

Jenga pawa saplai ya kawaida ya transfoma, madaraja ya daiodi, kapasita kubwa na regyuleta za LM317 na LM337, yaani vidude vinavyoshikilia volti zisipande wala kushuka. Hapa ndipo pesa yako nyingi iende, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu kwa kudhani ukutani daima kuna volti 230. Tufanye hesabu pamoja. Transfoma ya 18-0-18, yaani yenye volti 18 kila upande wa ncha ya katikati, ukishatoa hasara ya daiodi, hukupa kama volti 24 za DC (umeme usiogeuka mwelekeo) kila upande. Tuseme chaneli nane zinakula nusu ampia, na kapasita yako ni mikrofaradi 4,700. Kwenye kilele cha mawimbi una 24, kwenye bonde umeshuka kama volti moja. LM317 kwa mkondo huo inahitaji kama volti 2 juu ya kile inachotoa. Ukiiweka itoe 17, una nafasi ya kutosha, na usiku unapolala kila kitu ni kizuri.

Kisha ikafika saa moja jioni, mtaa mzima umewasha vitu, na umeme umeshuka hadi 190. Zile volti 24 sasa ni 19.6, bondeni ni 18.5. Juu ya 17 umebakiwa na 1.5 tu. Regyuleta inashindwa, mabonde yanapenya, na kwaya yako inarekodiwa na mvumo mzito wa hezi 100. Asubuhi unapojaribu tena mvumo umetoweka, unaanza kuwalaumu waya na maiki. Naamini mitambo mingi inayoitwa "mikorofi" katika mji wetu ina ugonjwa huu tu. Dawa yake ni rahisi: weka regyuleta itoe 15 badala ya 17. Unapoteza takriban desibeli moja ya nafasi ya juu, ambayo hutaisikia, na unapata uhuru wa kurekodi jioni. Au tumia transfoma ya 20-0-20 ukubali joto zaidi, kwa sababu kila volti inayozidi hugeuka moto kwenye regyuleta. Zile 24 zikishushwa hadi 15 kwa nusu ampia ni wati 4.5 kila upande, kwa hiyo hitisinki (bati la kupoza) ya ukubwa wa maana ni lazima, na matundu ya hewa pia.

Kwa fantomu tumia transfoma ndogo ya peke yake, kwa mfano 24-0-24 ukichukua ncha mbili za nje. Utapata karibu volti 66 za DC, kwa hiyo kapasita ziwe za volti 100. Regyuleta ya TL783 ilitengenezwa kwa volti za juu hivi, wakati LM317 ikiunganishwa hivihivi hufa siku ya kwanza njia ya kutokea ikigusana na ardhi ya saketi, yaani upande wa volti sifuri. Kiwango kinaruhusu fantomu iwe kati ya 44 na 52, na kila maiki isile zaidi ya miliampia 10. Chaneli nane ni miliampia 80. Weka akiba kidogo, kwa sababu waya mbovu ukiunganisha pini 2 na 3 na ardhi huvuta karibu 14.

Usiiunganishe pawa saplai mpya na chaneli mara tu ikiwaka. Kwanza iwashe kupitia balbu ya kizamani ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa laini. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Kisha ipe mzigo wa uongo: rezista ya omu 33 ya wati 10 kwenye kila upande itavuta kama 0.45 za ampia. Iache saa nzima, gusa hitisinki, pima volti. Rezista hiyo itakuwa ya moto sana, usiiweke juu ya meza ya mbao. Na kumbuka kwamba kapasita za upande wa fantomu hubaki na umeme baada ya kuzima. Zipe rezista ya kuzimaliza umeme, na pima kabla ya kuingiza mkono.

Sasa nije kwenye ushauri ambao ningependa uushike kuliko wote: usikate chochote mpaka umesikiliza. Pawa saplai utaihitaji kwa vyovyote vile, kwa hiyo hujapoteza kitu. Ikiwa tayari, iunganishe na chaneli mbili au tatu zikiwa bado ndani ya mwili wa miksa. Nyuma ya kila chaneli kuna uwezekano mkubwa wa tundu la jeki lenye maandishi INSERT. Kwa miksa nyingi, ncha ya jeki hiyo hutoa sauti iliyotoka moja kwa moja kwenye priampu, kabla ya feda (kitelezi cha sauti) na kabla ya kuchanganywa na nyingine. Iingize kwenye mlango wa laini wa kadi yoyote unayoweza kuazima. Rekodi mwimbaji mmoja, zeze moja, ngoma moja. Kisha maiki hiyohiyo, mtu huyohuyo, kupitia priampu ya kadi yenyewe. Sawazisha ukubwa wa sauti kwa uangalifu, kwa sababu iliyo kubwa kidogo daima itaonekana nzuri zaidi, halafu mwombe mtu mwingine akuchezee bila kukuambia ipi ni ipi. Kama huoni tofauti unayoipenda, una jibu lako bila kuharibu miksa. Unaweza hata kuishia hapohapo: acha miksa nzima kama ilivyo, itumie kupitia INSERT, na raki usiitengeneze kabisa.

Ukiamua kuendelea, zipime chaneli zote 24 na uchague nane bora. Chukua plagi ya XLR, ile ya maiki yenye pini tatu, fungia rezista ya omu 150 kati ya pini 2 na 3, ichomeke, fungua gaini (kitufe cha kiasi cha kukuza) mpaka mwisho na usikilize. Nyingi zitatoa shiii laini inayofanana. Zitakazopasuka-pasuka, kuguguna au kuvuma ziweke kando, ndizo zitakuwa ghala lako la vipuri kwa miaka ijayo. Kuwa na chaneli 16 za kuchuna ni utajiri ambao mwenye kadi mpya hana.

Kapasita zote zisibadilishwe. Rafiki yako hapa yuko nusu sahihi. Zinazozeeka ni elektroliti, zile za mkebe zenye alama ya hasi, kwa sababu zina majimaji ndani yanayokauka taratibu, na kwa kanuni ya mafundi kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Za filamu na za kauri zina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima mpaka leo. Ukizing'oa unahatarisha bodi ya zamani ambayo njia zake za shaba hubanduka kwa moto mwingi. Badilisha elektroliti za njia ya sauti na za umeme kwenye zile chaneli nane tu, moja baada ya nyingine, ukipiga picha kabla ili usigeuze chanya na hasi. Za mlangoni, zinazozuia fantomu isiingie kwenye transista, ziwe za volti 63. Chagua zilizoandikwa nyuzi 105. Ukiagiza Kariakoo, mwambie anayekununulia alete chache kwanza, uzipime uwezo wake kwa mita kabla ya kulipia fungu zima, maana lebo inaweza kusema kitu na ndani kukawa na kingine.

Vumbi la Dodoma litakuwa limejaa kwenye vitufe vya kuzungusha. Lipulize kwa brashi na hewa, kisha tumia dawa ya kusafishia kontakti yenye kilainishi. Petroli usiiguse, huyeyusha plastiki, na mafuta ya kulegeza nati huacha utando unaonasa vumbi jingine.

Kuhusu kasha, picha uliyo nayo kichwani pengine ni kile kiboksi chembamba cha inchi 19 chenye vitufe vinane vimejipanga. Yuniti moja ya raki ina urefu wa milimita 44.45 kwenda juu. Chaneli yako ni kipande kirefu ambacho gaini yake imechomewa moja kwa moja kwenye bodi. Ili kuihamishia kwenye paneli mpya lazima uivute kwa nyaya, na hiyo ndiyo sehemu nyeti kuliko zote, kwa sababu gaini imekaa katikati ya transista mbili za mlangoni. Sentimita 15 za waya pale ni antena. Mimi ningeziacha chaneli nzima nzima, na paneli zake, nizisimamishe sambamba ndani ya fremu moja. Kama kila moja ina upana wa milimita 35, nane ni milimita 280, zinaingia kwenye upana wa raki na nafasi inabaki. Kwenda juu zitakula yuniti kumi na moja zikiwa na urefu wa sentimita 45. Ni kasha kubwa, ndiyo, lakini halivumi. Mafundi bati wa mjini watakukunjia kwa nusu siku ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Milimita mbili kwa uso wa mbele, na waambie wakwangue rangi pale vipande vinapoungana ili bati lote liwe kitu kimoja kiumeme.

Pawa saplai ibaki kwenye boksi lake, umbali wa mita moja au mbili, kama mtengenezaji alivyoiweka. Hakukosea. Transfoma hutoa uga wa sumaku wa hezi 50 ambao bati la alumini halizuii, na umbali ndio kinga ya bei rahisi. Waya unaotoka kule uwe na plagi ya kufunga yenye pini nyingi, isiyoweza kuingia kwenye kitu kingine chochote.

Njia ya kutokea ina mtego mmoja. INSERT si laini yenye pande mbili, ina waya mmoja wa sauti na ardhi. Unaweza kununua aisii ya kuigawanya, kama THAT1646 au DRV134, nzuri lakini itakubidi uiagize nje. Njia ya bei ndogo ni hii: peleka sauti pini ya 2 kupitia rezista ya omu 100, na pini ya 3 iunganishe na ardhi ya sauti kupitia rezista nyingine ya omu 100. Pini ya 3 haina sauti, lakini ukinzani wa pande mbili umekuwa sawa, na mlango wa kadi utafuta kelele kama kawaida. Matokeo yake yatakushangaza. Na hesabu mapema kwamba priampu haziingii kwenye kompyuta zenyewe. Utahitaji kadi yenye milango minane ya laini, na gharama yake inaweza kuzidi mradi mzima. Kama kadi hiyo tayari huja na priampu nane ndani, jiulize kwa dhati ile siku ya kusikiliza ilikuambia nini.

Niliahidi dawa za mvumo. Kwanza utambue ni upi. Hezi 100, unaokwaruza kidogo, hutoka kwenye pawa saplai: regyuleta imeishiwa au kapasita imekufa. Hezi 50, laini na mnene, ni sumaku ya transfoma au mzunguko wa ardhi, yaani vifaa vilivyoungana ardhi kwa njia zaidi ya moja. Zungusha transfoma ukisikiliza, mvumo ukibadilika umepata chanzo. Usipobadilika, angalia pini ya 1 ya kila tundu la maiki. Mwaka 1995 mhandisi wa sauti Neil Muncy alionyesha kwamba vifaa vingi huvuma kwa sababu pini hiyo imeunganishwa na ardhi ya bodi, hivyo uchafu unaosafiri kwenye ngao ya waya unaingia katikati ya sauti. Pini ya 1 iende kwenye bati la kasha, kwa waya mfupi kabisa, palepale inapoingilia. Ardhi ya bodi zote ikutane na bati mahali pamoja tu. Mitambo yote, kadi, kompyuta na priampu, ichukue umeme kwenye soketi moja ya ukutani, si kila kimoja upande wake wa chumba. Na kama mvumo umebaki kati ya vifaa viwili maalumu, weka transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Inakata ardhi ya sauti, na ethi ya usalama inabaki mahali pake.

Kuna sehemu mbili za kazi hii ambazo usizifanye peke yako kama hujawahi. Ya kwanza ni upande wa volti 230: plagi, fyuzi, swichi na transfoma. Fundi umeme akufungie au akukague kabla ya kuwasha, naye ahakikishe waya wa ethi umebanwa kwenye bati kwa boliti yake pekee, si kwa boliti inayoshika kitu kingine. Ya pili ni chaneli yenye transfoma za sauti, kama utazikuta. Hizo hazipatikani tena kirahisi, na multimita ikiwekwa kwenye omu hupitisha mkondo wa DC unaoweza kuacha usumaku kwenye chuma chake, ukachafua sauti nzito. Zipelekee fundi wa studio au wa redio anayezijua, ukiwa na picha ya bodi pande zote mbili, lebo ya pawa saplai, na orodha ya volti ulizopima kwenye miguu ya 4 na 8 ya kila aisii. Akizitazama hizo kwanza, atajua ndani ya dakika chache kama kuna haja ya kufungua chochote. Na mpaka ethi ya kanisa itakapopimwa, maiki yoyote ya waya inayounganishwa na mtambo ule isishikwe na mtu aliyeshika pia gitaa la umeme.